Kazi, Nyumba na Cheti: Habari za Wageni wa Meli ya Windrush

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ni wazi kwa kila mkulima. Siku mbili za kwanza mgeni hupewa kiti, maji na chakula. Siku ya tatu hutazamiwa kwenda shambani pamoja na wenyeji wake. Walakini wahenga hawakueleza ni jembe la namna gani atakalopewa, wala atalala wapi baada ya kulima, wala ni nani atakayeshuhudia, miaka mingi baadaye, kwamba alifika siku ile na kwamba alilima. Maswali hayo matatu humwandama kila mtu aiachaye nchi yake kwenda kutafuta kazi katika nchi ya watu.

Jambo hili lawahusu sana watu wa Kenya. Mnamo mwaka wa 2024 fedha zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio ng'ambo zilikaribia dola za Kimarekani bilioni 5. Mwezi wa Julai 2021 Serikali ya Kenya ilifanya mkataba na Serikali ya Uingereza juu ya wauguzi na wahudumu wengine wa afya kwenda kufanya kazi huko, na mwezi wa Septemba 2024 ikafanya mkataba na Ujerumani juu ya wafanya kazi. Nyumba nyingi vijijini zina mwana aliyekwisha kwenda, au mwana anayetengeneza pasipoti yake. Basi kabla ya kufunga sanduku, yafaa kusoma habari za watu waliotangulia. Miongoni mwa hao, watu wa visiwa vya Karibiani waliohamia Uingereza tangu mwaka wa 1948 wana mafunzo mengi, kwa kuwa mambo yao yameonekana tangu mwanzo: safari, kazi, nyumba, watoto na wajukuu, na mwishowe kesi ya vyeti iliyowashangaza watu wote.

SABABU ZA SAFARI

Tarehe 21 Juni 1948 meli iliyoitwa Empire Windrush ilifika Tilbury, katika mto Thames karibu na London, na siku ya pili abiria wakashuka. Meli hiyo haikuwa ya Waingereza tangu asili. Ilijengwa Hamburg na Wajerumani, nao wakaiita Monte Rosa. Kisha ilitekwa mwisho wa Vita Kuu ya Pili na kufanywa meli ya kuchukulia askari. Katika safari ile ilikuwa na abiria 1,027, na zaidi ya 800 kati yao walikuwa wameandikisha kwamba makao yao ya mwisho yalikuwa katika nchi na visiwa vya upande wa Karibiani. Wengi wao walitoka katika kisiwa cha Jamaica.

Nauli ya kulala katika sitaha ya askari ilikuwa paundi 28 na shilingi 10. Fedha hizo hazikuwa kidogo kwa mtu wa kijijini. Miongoni mwa abiria alikuwamo kijana mmoja, Bw. Sam King, mwenye umri wa miaka 22, ambaye alikuwa amekwisha kutumika Uingereza katika Jeshi la Anga wakati wa vita, akarudishwa Jamaica baada ya vita, akaona hana la kufanya. Ili apate nauli ya kurudi, ng'ombe watatu wa jamaa yake waliuzwa. Mkulima yeyote aweza kupima mwenyewe uzito wa tiketi ile.

Watu hawa hawakuondoka kwao kwa kupenda kutembea. Mwezi wa Agosti 1944 tufani kubwa ilikuwa imepiga Jamaica na kuangusha minazi na migomba. Kazi za mashamba ya miwa hazikutosha watu wote, na mishahara ilikuwa haba. Askari waliorudi kutoka vitani walikuwa wameona kwamba Uingereza kuna kazi. Tena Uingereza yenyewe ilikuwa na haja ya watu. Mabomu yalikuwa yamebomoa nyumba, viwanda vilikuwa na kazi kuliko mikono, na reli, mabasi na hospitali zote zilikuwa zikitafuta wafanya kazi.

Tena ilikuwapo sheria. Katika mwaka ule ule wa 1948 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Uraia, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1949. Kwa sheria hiyo, mtu aliyezaliwa Jamaica au Trinidad alikuwa raia wa Uingereza na Makoloni yake, sawasawa na mtu aliyezaliwa London. Aliweza kuingia bila viza, akakaa, akafanya kazi. Neno hili na likumbukwe, kwa kuwa ndilo litakalorudi katika mwisho wa habari hii: watu hawa waliingia Uingereza kama raia, si kama wageni wa kuombaomba.

Baadaye, mwaka wa 1952, Marekani ilipunguza sana idadi ya watu wa Karibiani walioruhusiwa kuingia kule, na hivyo wengi wakaelekeza nyuso zao Uingereza. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1951 ilionyesha kwamba waliozaliwa Karibiani na kukaa Uingereza na Wales walikuwa 15,000 hivi. Katika hesabu ya mwaka wa 1961 walikuwa wapatao 172,000.

JEMBE WALILOPEWA

Abiria wa Windrush wasiokuwa na jamaa wala rafiki wa kuwapokea walikuwa zaidi ya 200. Serikali iliwaweka katika handaki kubwa lililochimbwa chini sana ya ardhi wakati wa vita, mahali paitwapo Clapham South, kusini mwa London. Ofisi ya kutafutia watu kazi iliyokuwa karibu ilikuwa katika mtaa wa Coldharbour Lane, huko Brixton. Watu walitoka handakini asubuhi, wakaenda Brixton kuandikisha majina, wakatafuta vyumba karibu na ofisi ile. Hiyo ndiyo sababu Brixton ikawa mji wa watu wa Karibiani. Hakuna aliyekaa kitako akachagua. Mgeni hujenga karibu na mahali alipopata mkate wa kwanza, na wale wamfuatao hujenga karibu naye.

Kazi zilipatikana upesi. Ndani ya wiki chache wengi wao walikuwa wamekwisha kuajiriwa katika viwanda vya kuyeyushia chuma, katika reli, mashambani na katika kazi za ujenzi. Shida haikuwa kupata kazi. Shida ilikuwa aina ya kazi. Mtu aliyekuwa seremala, fundi cherehani, karani au mwalimu kwao, aliambiwa kwamba cheti chake hakijulikani, au kwamba chama cha wafanya kazi hakitaki, au kwamba nafasi imekwisha kuchukuliwa jana. Akapewa ufagio au sururu. Wengi walishuka daraja moja au mbili kutoka pale walipokuwa nyumbani, na wengine walikaa katika daraja hilo la chini hata wakastaafu.

Habari za wauguzi zaonyesha jambo hili waziwazi, na kila msichana wa Kenya anayetaka kwenda kufanya kazi ya hospitali ng'ambo azisome mara mbili. Tarehe 5 Julai 1948, wiki mbili tu baada ya Windrush kufika, Uingereza ilianzisha Huduma ya Afya ya Taifa, ambayo kwayo kila mtu alipata matibabu bila kulipa mlangoni. Hospitali zikahitaji wauguzi wengi, na wasichana wa Karibiani waliitwa wakaja. Lakini mafunzo yalikuwa ya namna mbili. Ya kwanza yalichukua miaka mitatu na kumpa mwanafunzi cheti kamili cha uuguzi. Ya pili yalichukua miaka miwili na kumpa cheti cha daraja la chini, ambacho hakikumfungulia njia ya kupandishwa cheo, na ambacho katika visiwa vyao hakikukubaliwa. Wasichana wengi waliwekwa katika mafunzo ya pili bila kuelezwa tofauti. Walifanya kazi sana, wakapita mitihani, wakavaa sare; kisha wakagundua kwamba cheti walichokitolea jasho hakiwezi kuwarudisha nyumbani kama wauguzi. Swali moja tu, lililoulizwa mwanzoni, lingaliweza kuwaokoa.

Waajiri wengine walifanya taratibu iliyo wazi zaidi. Mwaka wa 1956 Shirika la Usafiri la London lilianza kuandika watu katika kisiwa chenyewe cha Barbados, wawe makondakta wa mabasi, wapagazi wa stesheni na wahudumu wengine. Mtu alijua kazi yake kabla ya kupanda meli. Nauli alikopeshwa na Serikali ya Barbados, na deni likalipwa kidogo kidogo kutoka katika mshahara. Mkopo ulio wazi, wenye kiasi kinachojulikana na mwisho unaojulikana, si mzigo mbaya. Mzigo mbaya ni ule ambao mkopeshaji peke yake ndiye anayejua hesabu yake.

MAHALI PA KULALA

Ilikuwa rahisi kupata kazi kuliko kupata kitanda. Nyumba zilikuwa chache kwa sababu ya vita, hata kwa Waingereza wenyewe. Lakini kwa watu weusi palikuwa na kizuizi kingine. Wenye nyumba waliandika matangazo madirishani kwamba hawataki watu wa rangi. Wengine hawakuandika, bali mtu alipobisha hodi na uso wake ukaonekana, chumba kilikuwa kimekwisha kupangishwa saa ile ile. Waliokubali kupangisha mara nyingi walitoza kodi kubwa kwa chumba kibovu. Watu wanne au watano walikaa chumba kimoja, wakilala kwa zamu, yule wa kazi ya usiku akiingia katika kitanda anachotoka yule wa kazi ya mchana. Wakati wa baridi waliota moto wa jiko la mafuta ya taa, na moshi wake ukaingia katika nguo na mablanketi.

Mabenki na vyama vya kukopesha fedha za nyumba havikutaka kuwakopesha. Ndipo wageni hawa walipotumia desturi waliyotoka nayo kwao. Watu wa Jamaica huiita «pardner», na watu wa Trinidad huiita «susu». Msomaji wa Kenya hana haja ya kufundishwa maana yake, kwa kuwa ni upatu. Watu kumi au ishirini wanaoaminiana hutoa kila wiki fedha kiasi kimoja, na kila wiki mmoja wao hupokea fungu lote kwa zamu. Hakuna karatasi nyingi, hakuna riba. Dhamana yake ni jina jema la mtu. Kwa njia hiyo mtu aliyepata paundi chache kwa wiki aliweza kushika kwa mara moja fedha za kutosha kutanguliza bei ya nyumba. Alinunua nyumba kuukuu, akapangisha vyumba kwa jamaa na marafiki, na kodi yao ikamsaidia kulipa lililobaki. Haba na haba hujaza kibaba, lakini upatu hukijaza upesi zaidi.

Bw. Sam King alipita njia yake. Mwaka wa 1950 yeye na ndugu yake walitaka kununua nyumba Camberwell, kusini mwa London. Alipoomba mkopo alijibiwa kwa barua kwamba ingefaa arudi Jamaica. Hakuichana barua ile wala hakugombana na mtu. Aliichukua, akampelekea mwenye nyumba, aisome mwenyewe. Mwenye nyumba, aliyekuwa Mwingereza, alichukizwa sana na maneno yale, hata akaamua kumkopesha yeye mwenyewe. Hivyo jamaa ya King ikapata nyumba. Hapa yaonekana mambo mawili pamoja: mlango ulifungwa na Mwingereza, na mlango ukafunguliwa na Mwingereza. Mgeni asiyetambua hayo mawili huishi kwa uchungu au huishi kwa upumbavu.

Bw. King alifanya kazi Posta kwa miaka 34. Baadaye alichaguliwa kuwa diwani, na mwaka wa 1983 akawa Meya wa Southwark, sehemu ile ile ya London alimonunua nyumba. Alifariki mwaka wa 2016, mwenye umri wa miaka 90.

MABASI YA BRISTOL

Si kila shida iliweza kutatuliwa kwa subira na akiba. Nyingine zilitaka watu wasimame pamoja.

Mwisho wa Agosti 1958, katika sehemu ya London iitwayo Notting Hill, makundi ya vijana wa Kizungu yaliwashambulia watu weusi barabarani na majumbani mwao usiku baada ya usiku. Mwezi uliofuata mahakama iliwahukumu vijana tisa kifungo cha miaka minne kila mmoja. Wageni wale wakajua kwamba sheria yaweza kuwalinda, lakini wakajua pia kwamba sheria hufika baada ya jiwe. Mama mmoja wa asili ya Trinidad, Claudia Jones, ambaye katika mwaka ule ule wa 1958 alikuwa ameanzisha gazeti la watu wa Karibiani huko Brixton, aliona kwamba watu waliovunjika moyo wahitaji pia furaha. Mwezi wa Januari 1959 akawafanyia sherehe ya ngoma na mavazi, ndani ya ukumbi kwa sababu ya baridi. Sherehe ile huhesabiwa kuwa mojawapo ya chimbuko la ngoma kuu za Notting Hill, ambazo hata leo hukusanya watu wengi sana kila mwaka.

Katika mji wa Bristol shauri lilikuwa la kazi. Kampuni ya mabasi ya mji ule iliwaajiri watu weusi na Wahindi katika karakana, lakini haikuwakubali kuwa madereva wala makondakta, na wafanya kazi wengi Wazungu waliunga mkono katazo hilo wakihofu kupungukiwa na malipo ya saa za ziada. Mwezi wa Aprili 1963 kijana mmoja wa Jamaica, Bw. Guy Bailey, aliitwa kuonana na wakuu wa kampuni juu ya kazi. Ilipojulikana kwamba ni mtu wa Karibiani, akaambiwa kwamba hapana haja ya mazungumzo. Ndipo Bw. Paul Stephenson, aliyekuwa mtumishi wa vijana mjini humo, pamoja na Bw. Roy Hackett, Bw. Owen Henry na wenzao, walipowataka watu wasipande mabasi yale.

Watu wakatembea kwa miguu. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana, na baadhi ya Wabunge wakasema maneno ya kuwaunga mkono. Jambo lilichukua miezi minne. Tarehe 28 Agosti 1963 kampuni ilitangaza kwamba ubaguzi wa rangi umekwisha, na mwezi wa Septemba kondakta wa kwanza asiyekuwa Mzungu, Bw. Raghbir Singh, akaanza kazi. Huyo alikuwa Singasinga kutoka India. Watu wa Karibiani ndio waliotembea kwa miguu, na Mhindi akawa wa kwanza kupanda kwa kazi. Walikuwa wameomba haki, na haki haina kabila. Mwaka wa 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kwanza ya kukataza ubaguzi wa rangi mahali pa watu wote, na mwaka wa 1968 sheria nyingine ikagusa nyumba na kazi.

CHETI KILICHOSAHAULIWA

Kufika hapo, msomaji aweza kudhani kwamba habari imekwisha vizuri. Wageni walikuwa na kazi, walikuwa na nyumba, watoto wao walikuwa shuleni. Kumbe lilibaki jambo moja dogo, ambalo watu walilipuuza kwa sababu siku zile halikuonekana kuwa na maana.

Mlango wa Uingereza ulianza kufungwa kidogo kidogo. Sheria ya mwaka wa 1962 iliwataka watu wengi wa makoloni na wa nchi za Jumuiya ya Madola wawe na kibali cha kazi kabla ya kuingia. Sheria ya mwaka wa 1968 ilipitishwa Bungeni kwa siku chache tu, ili kuwazuia hasa Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Kiingereza. Kisha ikaja sheria ya mwaka wa 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1973. Sheria hiyo ilisema kwamba watu wa Jumuiya ya Madola waliokwisha kufanya makao yao Uingereza kabla ya siku hiyo wana haki ya kukaa daima. Hilo lilikuwa neno jema. Lakini Serikali haikuwapa watu hao cheti cha kuthibitisha haki hiyo, wala haikuweka orodha ya majina yao. Watoto wengi walikuwa wameingia kwa pasipoti za wazazi wao, na hawakuwahi kuwa na pasipoti zao wenyewe. Kwa miaka arobaini hakuna aliyewauliza. Walisoma, wakafanya kazi, wakalipa kodi, wakaoa na kuolewa, wakapiga kura.

Waswahili husema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Na haki ni mali.

Sheria mpya za mwaka wa 2014 na 2016 ziliwataka waajiri, wenye nyumba, mabenki na hospitali wahakikishe kwamba mtu ana ruhusa ya kukaa nchini. Ghafula mpishi wa shule aliyefanya kazi miaka thelathini akatakiwa kuonyesha karatasi ambayo hakuwahi kupewa. Mzee aliyeugua akaambiwa alipe kwanza ndipo atibiwe. Waliokwenda kueleza shauri lao walitakiwa kuleta ushahidi wa maandishi wa kila mwaka waliokaa Uingereza. Nani aliyeweka stakabadhi za mwaka wa 1974? Shule nyingine zilikuwa zimefungwa, na viwanda vilivyowaajiri vilikuwa vimekufa. Serikali yenyewe ilikuwa na kadi za zamani za watu walioshuka melini, ambazo zingaliweza kuwasaidia baadhi yao. Lakini kadi hizo zilikuwa zimeharibiwa mwaka wa 2010.

Wengine walipoteza kazi, wengine nyumba, wengine walitiwa kizuizini. Wizara ya Mambo ya Ndani ilipochunguza ilikuta kwamba watu 83 wa namna hiyo walikuwa wameondoshwa nchini. Mambo yalipofunuliwa magazetini, mwezi wa Aprili 2018, Waziri Mkuu aliomba radhi, na mwisho wa mwezi ule Waziri wa Mambo ya Ndani akajiuzulu. Mwaka wa 2019 mpango wa kulipa fidia ukaanzishwa, lakini malipo yalikwenda polepole, na baadhi ya wadai walifariki kabla ya kulipwa. Mwezi wa Machi 2020 mchunguzi aliyeteuliwa, Bi. Wendy Williams, alitoa taarifa yake, akasema kwamba madhara yale yaliweza kuonekana mapema na yaliweza kuepukwa.

Kosa lilikuwa la Serikali, na Serikali yenyewe ilikiri. Walakini aliyelala bila chakula ni mtu yule asiyekuwa na karatasi.

YAFAAYO KWA MSAFIRI

Kutoka katika habari hizi, mtu anayejitayarisha kwenda kazini ng'ambo aweza kuchukua maneno machache ya kumfaa.

Kwanza, aulize juu ya kazi kabla ya kuulizia nauli. Cheti chake cha Kenya chahesabiwa kuwa nini kule aendako? Atawekwa daraja gani? Mafunzo atakayopewa huko yatakubaliwa nyumbani akirudi? Jibu la maneno matupu halitoshi, na liandikwe. Tena amchunguze wakala wake, kwa kuwa katika Kenya wakala wa kupeleka watu kazini ng'ambo sharti awe ameandikishwa na Serikali, na mwombaji aweza kuuliza kama jina lake limo katika orodha.

Pili, kama nauli ni ya mkopo, ajue jumla ya deni, makato ya kila mwezi, na mwezi wa mwisho wa kulipa. Ng'ombe akiuzwa, na auzwe kwa safari inayojulikana.

Tatu, asiende kukaa peke yake kama kisiwa. Chama, upatu, kanisa au msikiti, chama cha wafanya kazi: hivyo ndivyo vilivyowajengea nyumba watu wa Karibiani na kuwapandisha katika mabasi ya Bristol. Lakini pia asijifungie kwa watu wa kwao tu. Mwenye nyumba wa Camberwell hakuwa mtu wa Jamaica.

Nne, na hili ndilo lililo rahisi kuliko yote na ndilo lisahauliwalo kuliko yote, aweke karatasi zake. Tiketi aliyofikia, mhuri wa kuingilia, barua ya kazi, karatasi za mshahara, stakabadhi za kodi ya nyumba, barua za hospitali na za shule ya watoto. Nakala moja na ikae kwa mtu mwaminifu nyumbani. Pasipoti yake isikae katika sanduku la mwajiri. Sheria ya nchi ikibadilika, aende akaulize mapema hali yake imekuwaje, wala asingoje kuulizwa.

Mwisho, kila mtoto na awe na cheti chake mwenyewe. Waliofika Uingereza wakiwa watu wazima wengi walikuwa na pasipoti zao za zamani mkononi. Wengi wa walioumizwa mwaka wa 2018 ni wale walioletwa wakiwa wadogo, wakishikwa mkono na mama zao, ambao jina lao liliandikwa mstari mmoja tu ndani ya pasipoti ya mtu mwingine.